Kabla Hujaweka Saini: Maneno ya Wakili kwa Wafanyabiashara wa Soko

Hotuba kwa mkutano wa wafanyabiashara wa soko, Dar es Salaam, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa soko, baba zangu na mama zangu, vijana mlioacha meza zenu mkaja kukaa na mimi kwenye jua hili: wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za mchana.

Mwenyekiti aliponipigia simu akasema, "Wakili, njoo utueleze mambo ya kudai bima." Nikamuuliza, kwani soko limeungua? Akasema hapana, liko salama. Nikanyamaza kidogo kwenye simu, mpaka akadhani mtandao umekata. Ukweli ni kwamba sijazoea kuitwa mapema hivyo. Mimi kawaida naitwa matangani. Moto umeshazimwa, hundi imeshatoka, karatasi imeshasainiwa, ndipo mtu anakumbuka kwamba kuna watu wanaitwa mawakili.

Naomba nianze na mama mmoja. Simtaji jina, soko lake silitaji, wala kampuni yake ya bima. Alikuwa na fremu ya vitenge na mashuka. Moto ulianzia kwa jirani usiku wa manane, na alfajiri akakuta mabati yamejikunja na marobota yamekuwa tope jeusi. Hakikubaki hata kipande cha kufutia machozi. Lakini alikuwa na bima, na hapo tayari alikuwa amewapita wengi. Baada ya wiki saba akaitwa ofisini. Akaenda peke yake. Akapewa karatasi moja ya Kiingereza, akaambiwa, "Saini hapa mama, ni utaratibu tu." Akasaini. Akaondoka na milioni 7 na laki 5. Siku ya tatu akaja kwangu na nakala ya ile karatasi, akaniuliza, "Mwanangu, zilizobaki tunaanzia wapi kuzidai?"

Ile karatasi ofisini wanaiita dischaji vocha. Kwa Kiswahili chetu ni hati ya kukiri kwamba umelipwa ukaridhika. Ndani yake imeandikwa kuwa malipo haya ni kamili, ni ya mwisho, na huna dai lingine lolote kuhusu hasara hii. Kwa hiyo zilizobaki, kwa mujibu wa saini yake mwenyewe, hazikuwepo.

Nilikaa na faili lake usiku kucha, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hesabu ya bima ndiyo inayowaliza watu wengi kuliko ujanja wa bima.

Bima ya yule mama ilikatwa na benki alipochukua mkopo wa milioni 12. Benki ikakata bima ya milioni 12, kiasi cha mkopo, basi. Haikumuuliza dukani kuna mzigo wa shilingi ngapi, na yeye hakusema. Mkopo alikuwa ameshaurudisha karibu wote, ndiyo maana hundi ilimfikia. Mngejua ni wangapi hapa mna bima ambayo anayelipwa kwanza ni benki! Kaangalieni.

Sasa, bima nyingi za moto zina sharti la uwiano. Ukikatia bima theluthi ya mali yako, bima inasema theluthi mbili umeamua kujibebea mwenyewe, na ikitokea hasara italipa theluthi ya hasara. Siyo dhuluma, ni mkataba. Mkadiria hasara, yule anayetumwa na bima kupima kilichoungua, alipofika akasema dukani kulikuwa na mzigo wa milioni 36. Milioni 12 kwa 36 ni theluthi moja. Akasema hasara aliyoithibitisha ni milioni 24. Theluthi ya 24 ni 8. Ukitoa laki 5, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mikataba mingi humwachia mwenye mali ajibebee, unapata milioni 7 na laki 5. Nikapiga hesabu mara tatu. Iko sawa.

Ila nikajiuliza: kama kila kitu kiliungua, kwa nini mzigo ni 36 na hasara ni 24? Milioni 12 zimekwenda wapi? Nikamuuliza mama. Akasema, "Ah, hiyo ilikuwa mali kauli." Mzigo wa mtu wa jumla, amechukua kwa neno la mdomo, akiuza analipa. Mnaelewa kilichofanyika? Mkadiria aliuhesabu ule mzigo wa mali kauli alipotaka kuonyesha kwamba mama amekata bima ndogo. Alipofika kwenye hasara akautoa, akasema hauna risiti, si wake. Mzigo mmoja, umehesabiwa kumpunguzia na haukuhesabiwa kumlipa. Kama ungetolewa pande zote mbili, mzigo ungekuwa 24 na hasara 24. Milioni 12 kwa 24 ni nusu, na nusu ya hasara ni 12, kwa hiyo bima ingemlipa milioni 12 zake zote, toa laki 5. Milioni 4 zilipotea hapo, katikati ya mistari miwili ya ripoti ambayo hata hakuonyeshwa.

Hilo ni jambo la barua moja, waheshimiwa. Ukurasa mmoja, kabla ya saini. Tuliiandika baada ya saini. Jibu likaja na mistari miwili, na nyuma yake wamebana nakala ya saini yake.

Sisemi kwamba ukishasaini umekufa. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa iwe huru. Kama ulitishwa, ulidanganywa, au mtu alitumia shida yako kukubana, hati hiyo inaweza kupingwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha unahamia kwako, na kuthibitisha kwamba mtu fulani alikudanganya kwenye chumba mlichokuwa wawili si kazi ndogo. Kwa hiyo ukipewa karatasi hiyo, omba nakala uende nayo nyumbani. Omba mchanganuo wa hesabu kwa maandishi. Omba ripoti ya mkadiria. Wanaweza kukunyima, lakini barua yako ya kuomba itabaki kwenye faili na siku moja itasomwa. Kama pesa unazihitaji leo na kuna kiasi ambacho hakina ubishi, andika kwamba unakipokea kama sehemu ya malipo na haki yako ya kudai iliyobaki iko palepale. Kampuni nyingine zitakubali, nyingine zitakataa kutoa hundi bila saini ya mwisho. Hapo ndipo unapompigia wakili, ukiwa bado umesimama kaunta.

Na lugha. Tangu mwaka 2021 sheria inatamka kwamba lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Hakimu anatakiwa kutumia Kiswahili, lakini hati ya bima ya muuza nyanya bado inaandikwa kwa Kiingereza cha wakili wa London! Mimi mwenyewe niliyesomea naisoma mara mbili. Usione haya kusema "sijaelewa". Maneno yenye utata kwenye mkataba wa bima husomwa dhidi ya aliyeyaandika, na aliyeyaandika si wewe. Ila mahakama haiwezi kukuhurumia kwa maneno yaliyo wazi ambayo hukuyasoma.

Usiku wa Julai 10, 2021 wote tulisimama tukatazama Soko Kuu la Kariakoo likiwaka. Siku zile nilipokea simu nyingi za watu waliotaka kujua haki zao, na swali lililorudi mara nyingi lilikuwa, "Si jengo lina bima?" Bima ya jengo ni ya mwenye jengo. Inajenga ukuta, hairudishi kitenge. Wewe mpangaji, mzigo wako unahitaji bima yake, yenye jina lako.

Jina lako, nasisitiza. Kule Ireland kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Macaura, mwenye shamba la miti. Akaiuza mbao yake yote kwa kampuni ambayo hisa zake zilikuwa mikononi mwake. Mbao ikabaki palepale shambani, na bima akaikata kwa jina lake mwenyewe, kama mtu na mali yake. Mwaka 1922 moto ukaichoma. Bima ikagoma kulipa, kesi ikapanda hadi Baraza la Mabwana la Uingereza, mahakama yao ya juu kabisa wakati ule, na mwaka 1925 likasema: mbao ni ya kampuni, na kampuni ni mtu mwingine. Macaura hakupata kitu. Mahakama zetu huzitazama hukumu za namna hiyo kwa uzito. Sasa niwaulize vijana: ni wangapi mwaka jana mmekwenda BRELA kusajili kampuni, leseni mkabadilisha, TIN mkabadilisha, na bima mkaiacha kwa jina la zamani? Nawaona mnavyotazamana.

Kuna jingine linaloua madai kimyakimya, nalo ni fomu ya maombi ya bima. Wakala anakuja mna wateja, anauliza maswali mawili, mengine anajaza mwenyewe "hapana, hapana, hapana". Kuna mtu anapika karibu? Hapana. Kuna jenereta au mafuta? Hapana. Umewahi kupata hasara? Hapana. Unasaini chini. Siku ya moto wanaleta picha ya jiko la mama lishe lililokuwa hatua tatu kutoka mlangoni kwako. Mkataba wa bima unadai ukweli wote hata usioulizwa, ikiwa ni jambo ambalo lingeifanya kampuni ya bima ifikirie mara mbili.

Ila kisu hicho kina makali pande zote. Msingi huu uliwekwa na Jaji Lord Mansfield wa Uingereza mwaka 1766. Gavana wa ngome ya Waingereza huko Sumatra, George Carter, alikatia bima ngome yake isije ikatekwa. Mwaka 1760 Wafaransa wakaja wakaiteka. Mtoa bima, Boehm, akasema silipi, hukuniambia ngome yako ni dhaifu. Watu hukumbuka kwamba kesi hiyo ndiyo iliyosema mwenye mali lazima aseme ukweli. Wanasahau nani alishinda. Alishinda Carter! Jaji alisema mtoa bima naye ana wajibu wa nia njema, na hawezi kupokea ada huku akijua hali ilivyo, kisha akaigeuza kuwa sababu ya kukataa. Kwa hiyo kama wakala alikuja dukani, akaliona jiko la mama lishe, akala na chapati pale, halafu akaandika "hapana", hilo ni jambo la kubishania. Jina lake lijue, tarehe aliyokuja iandike. Na mjue tofauti: wakala wa bima ni mtu wa kampuni. Dalali wa bima, yule mwenye leseni ya udalali, anapaswa kukufanyia kazi wewe mteja. Ukiwa na dalali, siku ya hasara yeye ndiye wa kwanza kumsumbua.

Tuje kwenye siku yenyewe. Zimamoto ni 114. Wakishaondoka, ripoti yao utaihitaji, na polisi utachukua RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao. Bima uiarifu mapema, kwa maandishi, hata ujumbe wa simu wenye tarehe ni bora kuliko "nilimwambia wakala". Piga picha za kila kona. Na jamani, msisafishe! Najua uchungu wa kutazama majivu ya mtaji wako, najua vijana wa soko wanakuja na koleo kwa nia nzuri. Okoa kinachookoleka, kifunike kisinyeshewe, maana hata hilo ni sharti. Lakini usitupe kilichoungua mpaka mkadiria ameona. Ushahidi ukishapakiwa kwenye lori la taka, wakili hana cha kukusaidia.

Mkadiria hasara analipwa na bima. Simsemi vibaya, wengi ni watu wa haki na wana leseni zao. Lakini analipwa na bima. Usimjibu kwa kukisia. "Mzigo ulikuwa kama wa milioni ngapi hivi, mama?" Ukitaja namba kwa kukisia, itaandikwa kana kwamba umeapa. Mwambie utamletea kwa maandishi.

Maandishi yepi? Hapa naomba wa TRA, watu wa kodi, kama wamo humu, wazibe masikio kidogo. Wengi wetu tuna daftari mbili. Moja inaonyesha biashara haiendi kabisa, mtu anauza kwa huruma ya Mungu. Ya pili ndiyo biashara yenyewe. Moto ukitokea unataka kulipwa kwa daftari la pili, na bima inaomba risiti za EFD, ile mashine ya kodi, na makadirio yako ya kodi, ambazo ni za daftari la kwanza. Nimeona madai ya watu waaminifu kabisa kwa majirani zao yakifia hapo, na sikuwa na la kuwasaidia. Sikuja hapa kuhubiri kodi. Nasema tu kwamba risiti ambayo hukuitaka ulipokuwa unanunua mzigo ndiyo itakayokosekana.

Kulikuwa na mzee mmoja muuza vipuri vya pikipiki. Kila Jumapili jioni alipiga picha rafu zake, akaandika mzigo kwenye daftari la shule, na daftari akaliacha kwa shemeji yake, mbali na soko. Watu walimcheka. Duka lilipoungua alikuja kwangu na madaftari manane kwenye mfuko wa rambo. Kesi yake sikuifanya hata kidogo, niliandika barua ya kusindikiza tu, na akalipwa.

Na aina ya bima. Bima ya moto ni ya moto. Mtu wa bonde la Jangwani au Kigogo anayeogopa maji ya Msimbazi kuliko kiberiti, aulize kama mafuriko yameongezwa, kwa sababu mara nyingi hulipiwa zaidi. Vurugu na uporaji vilevile. Wizi vilevile. Ulizeni sasa.

Mkikataliwa, hamuanzii mahakamani. Kwanza barua ya malalamiko kwa kampuni yenyewe, ukitaka sababu ya kukataliwa iandikwe pamoja na namba ya sharti wanalolitegemea. "Umekiuka masharti" si jibu. Wasiposikia, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ambayo makao makuu yake ni Dodoma na ina ofisi za kanda. Wao ndio wanaotoa leseni, na barua yao inafunguliwa haraka kuliko yangu. Na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama nyinyi. Kwake huhitaji wakili. Nawaambia hivyo nikijua ninajiharibia soko, lakini madai madogo mengi mahali pake ni pale.

Wakili mtafute madai yakiwa makubwa, au wakikutuhumu kwamba umechoma mwenyewe. Hilo la pili lisichelewe hata siku moja, kwa sababu hapo si suala la bima tena, ni la polisi, na maelezo utakayoandika kituoni yatakufuata.

Muda nao. Kesi ya mkataba kwa sheria yetu ina miaka 6. Lakini hati nyingi za moto zina kipengele kidogo kinachosema usipofungua shauri ndani ya miezi 12, dai limekufa. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 28, hubatilisha makubaliano ya kupunguza muda wa mtu kwenda mahakamani, na mawakili tunabishana kila siku kama kifungu hicho kinakiua kipengele hicho kabisa au la. Mwacheni mtu mwingine awe mfano wa ubishi huo. Nyinyi hesabuni miezi 12. Na angalieni kama hati inawapeleka kwanza kwa mwamuzi wa kibinafsi, ambaye si yule Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, endapo mnabishania kiasi, maana ukikimbilia mahakamani unaweza kurudishwa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria wapo hadi kwenye kata. Hawatasimama mahakamani kwa niaba yako, lakini barua wataandika, na nimesema kazi kubwa ni barua. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nacho hutoa ushauri. Mwenye kulipa, akubaliane na wakili kwa maandishi na adai risiti. Na msiangukie kwa vishoka, wale wanaozunguka hospitalini na kwenye majivu wakisema "nina mtu ndani ya bima". Mahakama ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa e-Wakili. Andika jina lake. Asipoonekana, si wakili, hata kama suti imempendeza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeomba meza, nimepewa ile pale karibu na kisima, nitakaa hadi saa kumi na moja. Mwenye hati ya bima aje nayo, tuisome ukurasa wa masharti pamoja, bure. Ambaye hati yake iko kwa wakala au benki, ampigie sasa hivi, kabla sijamaliza chai.

Ahsanteni.